Dawa za kuziba glutameti kwenye kiharusi: shida ni kuchelewa tu?

Ukiangalia majaribio ya panya peke yake utadhani kiharusi kilishapata dawa zamani. Donge linaziba mshipa, seli za ubongo zikikosa oksijeni zinamwaga ovyo glutameti, kemikali ya kupashana ujumbe kati ya seli, glutameti inafungua vipokezi vya NMDA (milango kwenye ukuta wa seli), kalsiamu inamiminika ndani na seli inajimaliza yenyewe. Sumu hii ya glutameti mtafiti John Olney aliielezea tangu 1969. Sasa mpe panya MK-801, dawa ya kuziba vipokezi hivyo, kabla hujamziba mshipa, au dakika chache baadaye, eneo linalokufa linapungua kweli kweli.

Kwa binadamu ndo mambo yakagoma. Selfotel, dawa nyingine ya kuziba NMDA, ilisimamishwa baada ya vifo kuonekana vimezidi upande wa waliopewa dawa, aptiganel ya kundi hilo hilo nayo ikachemka, gavestinel, ya kundi hilo pia, ikajaribiwa kwa watu zaidi ya 3,000 na haikuleta chochote. Wa selfotel wengine walianza kuona maruweruwe na kuweweseka, na si ajabu, ketamini nayo inaziba kipokezi hicho hicho.

Wanaozitetea wanasema mlichelewa. Panya kijana mzima wa afya anatibiwa palepale, mzee mwenye presha na kisukari anafika hospitali masaa sita baada ya kiharusi, glutameti ilishamwagika kitambo! Hoja nzuri, ila jaribio la FAST-MAG limeitikisa: watu 1,700 kule kusini mwa California, magneziamu (nayo inaziba NMDA) wanaanzishiwa ndani ya ambulensi, ndani ya masaa mawili, na majibu ya 2015 yakawa hakuna tofauti. Watetezi wakajibu magneziamu ni dhaifu na inapenya ubongo polepole, sawa, hapo nawapa nusu.

Mi naona tatizo kubwa ni kipokezi chenyewe maana kazi yake si kuua tu, seli zilizonusurika pembeni ya kidonda zinakihitaji ili ziishi na zijiunge upya, kwa hiyo ukikiziba masaa na masaa unazinyonga na hizo. Ndo maana dawa ya nerinetide ilinivutia, haizibi mlango, inakata waya wa ndani unaopeleka amri ya kufa. Jaribio lake la ESCAPE-NA1 la 2020 kwa ujumla halikufaulu, ila wasiopewa alteplase (dawa ya kuyeyusha donge) walionekana afadhali, maana alteplase inasababisha nerinetide ikatwekatwe kwenye damu. Watu wakachangamka, wakarudia bila alteplase, jibu likawa hapana tena.

Bado sijaona mtu aliyetoa kizibo chenye nguvu ndani ya ambulensi, dozi moja fupi kisha basi, halafu donge likavutwa hospitali mshipa ukafunguka. Hilo ningelisubiri kabla ya kuizika hii nadharia.