Nunua Kinu Kwanza, Mashine Baadaye

Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi Donholm, hapa Nairobi, alinipigia simu alfajiri, kabla sijanawa uso. Alikuwa amenunua mashine ya espreso, ameipanga vizuri jikoni, ameiwasha, na kilichotoka kilikuwa maji mepesi mfano wa strungi, yenye uchachu wa kukunja uso. "Kaka, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema. "Hii mashine ni mbovu."

Nilimuuliza jambo moja tu: kahawa umesagia wapi? Akaniambia ilikuja ikiwa imeshasagwa, ya pakiti.

Mashine haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu kila mwezi ninasikia kisa kama hiki kutoka kwa watu wanaopenda kahawa kwa dhati na wameweka akiba ili wanywe espreso nyumbani badala ya kuifuata mkahawani. Wote huanzia mahali pamoja: hutoa hela zote kwa mashine, halafu kinu cha kusagia kinakuwa jambo la baadaye. Ninaamini mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Ukiwa na shilingi 60,000, tenga angalau nusu yake kwa kinu, kisha utafute mashine kwa kitakachobaki. Kama hakitoshi, subiri. Kinu kizuri kitakufaa hata kwa kahawa ya kuchuja wakati unangoja, lakini mashine isiyo na kinu haina kazi.

Sababu yake iko katika jinsi espreso inavyotengenezwa. Mashine inayasukuma maji ya moto kwa shinikizo la karibu mara tisa ya lile la hewa usawa wa bahari, na maji hayo hupita kwenye unga wa kahawa ulioshindiliwa ndani ya chujio. Kinachoyazuia maji yasipite mbio ni unga wenyewe. Chembe zikiwa nene, maji huteleza katikati yake na kutoka na uchachu mtupu, kwa kuwa asidi ndizo huyeyuka mapema, utamu na uchungu hufuata nyuma. Zikiwa laini kupita kiasi, maji hukwama, yanatona tone moja moja, na kikombe kinajaa uchungu unaokausha ulimi. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na ni kinu peke yake kinachoweza kukufikisha hapo.

Mtu aliyewahi kutumwa kwenye mashine ya posho na debe la mahindi hahitaji maelezo marefu. Chekeche ikibadilishwa, unga unabadilika, na unga ukibadilika ugali nao unabadilika. Hakuna anayelaumu sufuria.

Kile kinu cha visu tunachosagia pilipili manga na iliki hakifai hapa, hata ukikitikisa namna gani. Visu hukatakata ovyo, vikakupa chenga na vumbi kwa pamoja. Maji yakikutana na mchanganyiko huo hutafuta penye upenyo na kupita hapo hapo, sehemu moja ya unga inaungua kwa uchungu na nyingine inabaki haijaguswa. Wazee wanaouza kahawa chungu kwa dele hawana tatizo hili, kwa sababu kahawa yao huchemshwa taratibu juu ya makaa na machicha hutulia chini, kwa hiyo hata ikiwa imetwangwa kwa mchi bila usawa, muda unasawazisha mambo. Espreso ina sekunde 25 hadi 30 tu.

Basi tafuta kinu chenye meno ya chuma, yale yanayozunguka na kusagia buni katikati yake. Kwa bajeti ya wengi wetu nashauri cha mkono. Kinu cha mkono chenye meno mazuri hukishinda cha umeme cha bei hiyo hiyo, maana hela zako zimeenda kwenye chuma na hazikuliwa na mota. Lakini si kila cha mkono kinaweza espreso. Uliza kila mlio mmoja wa kurekebishia, ule "tik" unaosikika ukizungusha kirekebishio, unasogeza meno umbali gani. 1Zpresso J-Max, kwa mfano, husogea mikroni 8.8 kwa mlio. Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 50 hadi 100, kwa hiyo fikiria mwenyewe udogo wa hatua hiyo. Kinu kinachoruka hatua kubwa kitakupa espreso ya sekunde 15, na ukikaza mlio mmoja, ya sekunde 50, na ile unayoitaka iko katikati, mahali ambapo kinu hakisimami kamwe.

Upande wa mashine sitasema mengi. Namba 15 (kwa baa, kipimo cha shinikizo) inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi isikutie kiwewe. Hiyo ni nguvu ya juu ya pampu, na espreso nzuri haihitaji hata tisa nyakati nyingine. Kagua chujio. Mashine nyingi za bei nafuu huja na chujio la kuta mbili lenye kitundu kimoja kidogo chini, kinacholazimisha povu litoke hata kahawa ikiwa mbaya. Povu hilo linapendeza macho tu. Taka chujio la kawaida lenye matundu mengi. Na ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka: kule umeme ni volti 120, hapa kwetu 240. Mimi nilipoteza moja kwa njia hiyo, na bado inaniuma.

Wapo wanaochagua mashine za wenzo kama Flair, ambazo unazimiminia maji ya moto na kuyasukuma kwa mkono, zisizotumia stima kabisa, na katika mtaa ambao stima hupotea jioni bila taarifa ninawaelewa vizuri. Hapa tu kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Aliye Mombasa huanza na maji ya nyuzi 100. Wewe ukimimina maji yako ya 94 kwenye chuma baridi, yanapofika kwenye kahawa yamekwisha kupoa, na uchachu unarudi. Pasha kile kichwa cha chuma kinachopokea maji kwa mvuke wa birika mpaka kisishikike kwa mkono mtupu, umimine papo hapo maji yanapochemka, kisha usage laini kidogo kuliko unavyoshauriwa. Mashine ya umeme haina shida hii, kwa kuwa maji yake yamefungiwa kwenye shinikizo.

Tuje kwenye kurekebisha, na hapa ndipo watu hukata tamaa. Nunua mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima gramu 18 za buni, saga, sambaza unga kwa sindano nyembamba ili kuvunja madonge, shindilia sawasawa, kisha acha itoke mpaka kikombe kiwe na gramu 36. Hesabu sekunde. Ikitoka kwa 15, kaza meno. Ikifika 45, legeza. Usibadilishe kitu kingine chochote: uzito ule ule, mkono ule ule wa kushindilia. Mtu anayebadilisha uzito, usagaji na nguvu ya mkono kwa wakati mmoja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia. Ukisharekebisha, saga kwanza gramu mbili tatu na uzitupe, kwa sababu unga wa kipimo cha zamani hubaki ndani ya meno na kukudanganya. Kama kinu chako ni cha umeme, kikaze kikiwa kinazunguka, usije ukabana buni katikati ya meno.

Na kipimo hicho hakidumu. Kahawa iliyokaangwa juzi bado ina gesi nyingi, ipe wiki moja. Baada ya hapo, kadiri siku zinavyokwenda maji hupita kwa kasi zaidi, kwa hiyo utakuwa unakaza mlio mmoja leo, mwingine baada ya siku nne.

Kahawa yetu ina tabia yake pia, na ninaisema kwa fahari. SL28 na SL34, aina za mibuni zilizochaguliwa katika maabara ya Scott hapa Kenya miaka ya 1930, zikilimwa juu kule Nyeri na Kirinyaga hutoa buni ngumu, iliyoshikana, yenye uchachu mtamu kama wa zambarau. Zikikaangwa kidogo zinahitaji meno makali na usagaji laini kuliko kahawa ya Kiitaliano iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Mimi siishii gramu 36 kwa kahawa hizo. Naiacha ifike gramu 45, na hapo ndipo utamu unapojitokeza. Wapo wanaosema kahawa ya Kenya ni chachu mno kwa espreso na haifai bila kuchanganywa na nyingine. Sikubaliani nao hata kidogo. Tumekuwa na kahawa nchini tangu 1893, sehemu kubwa yake inapanda meli kila mwaka, na ile kidogo inayobaki tunaihukumu kwa kusaga kubaya. Mkulima aliyechuma matunda mekundu moja moja anastahili kinu kizuri mwishoni mwa safari.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Donholm na kinu changu cha mkono kwenye mkoba, pamoja na robo kilo ya kahawa ya Nyeri iliyokuwa na siku tisa tangu ikaangwe. Chujio la kuta mbili tukaliweka kando. Ya kwanza ilitoka kwa sekunde 13. Nikakaza milio minane, ikawa 44, na binamu akaanza kuitazama ile mashine kwa jicho baya tena. Nikalegeza miwili. Sekunde 29, uzi mwembamba wa rangi ya asali ukishuka bila kukatika.

Alikunywa amesimama pale pale kwenye sinki. Hakusema kitu. Aliweka kikombe chini, akavuta mizani, na kuanza kupima gramu 18 nyingine.