Hapo Hamna Yangu

Wiki iliyopita nilikuwa barazani kwa shangazi yangu hapa Malindi, pwani ya Kenya, mtaa wa Barani, chai na mahamri mbele yetu, binti mmoja akapiga hodi. Ana tableti mkononi na kitambulisho shingoni. Shikamoo, marahaba, akakaribishwa mkekani. Akatueleza kwamba anahoji watu kuhusu umaskini na ukosefu wa usawa Pwani, na kwamba majibu yatasaidia serikali kupanga sera. Shangazi akajitanda leso vizuri. "Uliza, mwanangu."

Wakaanza. Umri, watoto, choo, maji ya mfereji au ya kisima. Wakafika kwenye kabila. Shangazi akasema baba yake alikuwa Mgiriama, mama yake mtu wa Mambrui, na bibi mzaa mama alizaliwa shambani kwa watu, kwa mama mtumwa. Binti akaipandisha orodha, akaishusha. Tableti haikubali majibu mawili. Akabonyeza "Nyingine". Hilo nililimeza.

Kisha: "Mama, unamiliki ardhi?" Hapana. "Sababu kuu ya kutomiliki ardhi ni ipi?" Akamsomea: sikuwa na pesa, sikurithi, sihitaji, sijui utaratibu.

Shangazi alimtazama kwa muda. "Hapo hamna yangu, mwanangu."

Simlaumu binti. Amepewa maswali, kazi yake ni kuyauliza. Lakini aliyekaa ofisini akaandika yale majibu manne ameshaamua, kabla hajakanyaga Malindi, kwamba sababu ya shangazi yangu kukosa ardhi imo ndani ya shangazi yangu mwenyewe: mfukoni mwake, ukoo wake au ujinga wake. Sheria haimo. Serikali haimo. Historia yetu nzima ya mwambao haimo.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria Pwani hii, na waliolipwa fidia ni mabwana. Aliyelima mtama wa Malindi miaka yote kwa jembe la mkono, ule mtama uliojaza majahazi, hakupewa hata tuta moja. Mwaka uliofuata, 1908, wakoloni wakatunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwenye dai alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Wenye makaratasi, na wenye mashahidi ambao maneno yao yalikuwa na uzito, walitoka na hati. Mgiriama aliyelima kwa desturi ya ukoo akahesabiwa mtu wa hifadhi, eneo walilotengewa wenyeji kule bara, hana cha kudai ufuoni. Mwaka 1914 Wagiriama walipogoma, nyumba zilichomwa na watu wakafukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki. Jina la Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha wampinge Mwingereza, hapa analijua hata mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo lile neno lililoandikwa mbele ya jina lako, Mwarabu, Mswahili, mwenyeji, ndilo lililoamua kodi utakayotozwa na kama msajili atakusikiliza. Shangazi yangu anatoka kwa watu waliokosa kwa mlango wa baba na wakakosa kwa mlango wa mama. Yote hayo yameingia kwenye tableti kama "Nyingine".

Katika mambo haya huwa namkumbuka W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa kazi ya kuwachunguza weusi wa Wadi ya Saba mjini Philadelphia, wakati wakubwa wengi wa mji walishajiaminisha kwamba weusi ndio ugonjwa wa mji. Yeye akahamia wadi ile ile na mkewe. Akatembea mlango kwa mlango, kaya zipatazo 2,500. Aliuliza kipato, kodi ya nyumba na kazi watu walizonyimwa, kisha akarudi nyuma kwenye kumbukumbu hadi enzi za utumwa. Kitabu kilipotoka mwaka 1899, umaskini wa pale ulikuwa umepata chanzo: ubaguzi wa ajira, kodi za kunyonya, historia. Na alikiri baadaye kwamba watu wenyewe hawakumpokea kwa furaha, kwa sababu hakuna anayependa kuchunguzwa kama kiumbe cha ajabu.

Huko huko Marekani, miaka ya 1930, wakala wa serikali ulichora ramani za miji na kupaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, kwamba ni hatari kwa mikopo ya nyumba. Nenda kwenye mtaa kama huo umuulize mzee kwa nini hakununua nyumba. Atakujibu hakuwa na pesa. Atakuwa amesema kweli, nawe utaondoka hujajua lolote.

Na majibu hayo ndiyo yanayozaa sera. Wengi wakiandikwa "sijui utaratibu", tutaletewa semina za utaratibu. Wakiandikwa "sikuwa na pesa", tutaletewa mikopo. Wazee wa Magarini, hapa jirani, wanaukumbuka mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia miaka ya 1970 na 1980, uliopangwa na wataalamu na ukafeli. Katiba ya 2010, kifungu cha 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Itachunguza nini ikiwa hata tafiti zetu hazina pa kuiandika dhuluma?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kuhesabu makabila kuna faida yake. Wavuvi Wapemba wa ufuo huu walikaa miongo bila vitambulisho, wakihangaika na leseni, mpaka walipotambuliwa mwaka 2023 kuwa kabila la Kenya. Usipohesabiwa huonekani. Hesabuni basi, lakini mkishahesabu msiache kuuliza nani aliwapanga watu hivyo na nani alipata nini. Na ripoti zirudi, kwa Kiswahili, zisomwe barazani hapa hapa zilikochukuliwa.

Binti alipokuwa anazima tableti, shangazi aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, kuukuu. Ndani yake mna risiti za kodi ya kiwanja, zimefungwa kwa uzi. Nyumba ni yake, kaijenga kwa udongo na makuti, baadaye mabati, kwa biashara ya mbaazi. Kiwanja ni cha watu. Alizitandaza mkekani kwa mpangilio wa miaka, zile za zamani wino umefifia kuwa rangi ya chai. Jina la mwenye kiwanja linabadilika mara tatu, na hao wawili wa mwisho hajawahi kuwaona kwa macho.

Binti akainama akizisoma moja moja. Akauliza kama anaweza kuzipiga picha. Shangazi akamwuliza picha hizo ataziweka wapi. Binti akaitazama tableti, akasema humo hamna mahali pake, ila ana daftari kwenye mkoba.

"Basi litoe," shangazi akamwambia, akanisukumia birika nimwongezee mgeni chai.