Reli ndogo za Wales na matoroli ya mkonge tuliyoyauza kwa kilo

Mabehewa ya reli ya Talyllyn yana milango ya upande mmoja tu. Siku ya kwanza nilipopanda, pale Tywyn kwenye pwani ya Wales, nilidhani milango ya pili imeharibika. Gadi, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu, akanieleza. Mwaka 1866 mkaguzi wa serikali alikuja kuipima njia akakuta madaraja yanayopita juu yake yamejengwa membamba mno. Treni ikikwama chini ya daraja, abiria hana pa kushukia. Basi wakaisogeza reli pembeni kidogo, wakaifunga kabisa milango ya upande mmoja. Imefungwa hivyo mpaka leo.

Naishi Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kutoka hapa kuna treni inayokwenda moja kwa moja hadi Tywyn, na nimeshakwenda mara nne. Wenzangu wananiuliza natafuta nini kwenye reli ambayo upana wake haufiki hata sentimita 70. Namtafuta baba yangu.

Nimezaliwa kambi ya mkonge wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Baba alikuwa mtu wa matoroli. Anayejua mkonge anajua kwa nini mashamba yalitandikwa reli: jani ni zito, karibu lote maji, na katika kilo 100 za majani unatoa singa kilo nne hivi. Tena jani likishakatwa halisubiri, likikauka limeharibika. Ilibidi mzigo mkubwa usafiri haraka kutoka shambani hadi korona, yaani kiwanda cha kukwangua majani yatoke singa, barabara za udongo mwekundu zenyewe zikinyesha hazipitiki. Ndiyo maana zikalazwa reli nyembamba za kuhamishika, leo zipo kitalu hiki, mwakani kile. Sisi watoto tulikuwa tukilaza sikio kwenye chuma kusikiliza kama toroli linakuja. Chuma kilikuwa cha moto, na mataruma, vile vilalio vya chini ya reli, yalinuka yale maji ya mkonge yanayowasha.

Nilikuwa darasa la sita zilipong'olewa. Wanaume walikuja na mitungi ya gesi, wakazikata vipande vya urefu wa mkono, wakavipima kwenye mizani chini ya mwembe, wakapakia lori. Mchana kutwa. Baba alisimama akatazama hadi lori likaondoka, halafu akaenda kuoga.

Kila nikisimulia haya, Mtanzania mwenzangu ananijibu kwamba Wazungu wana pesa za kuhifadhi, sisi tuna njaa. Jibu hilo silikubali tena, kwa sababu nimeisoma historia ya reli hii.

Talyllyn ilijengwa kubeba sleti, lile jiwe jeusi linalopasuka kama kurasa za kitabu, lililoezekea mapaa ya Uingereza nzima. Machimbo yake yalifungwa mwishoni mwa 1946. Mwenye mali, Sir Henry Haydn Jones, alikuwa ameahidi kwamba maadamu yu hai treni itatembea, na ilitembea, kwa hasara, juu ya reli zilizochakaa hadi ikasemekana majani ndiyo yaliyozishika. Alifariki Julai 1950. Kwa hesabu ya kawaida, ambacho kingefuata ni mizani na lori.

Lakini Oktoba mwaka huohuo watu walikutana hotelini hapa Birmingham, mhandisi Tom Rolt akiwa mbele, wakakubaliana waiendeshe wenyewe bila mshahara. Mjane wa marehemu akaridhia. Mei 1951 treni ikaondoka Tywyn chini ya mikono yao, na hapakuwa na reli nyingine duniani iliyookolewa na watu wa kujitolea kabla ya hiyo. Fikirini ulikuwa mwaka gani. Vita vilikuwa vimewaacha hoi, nyama na sukari bado ni za mgao. Kichwa cha treni kilichoweza kutembea kilikuwa kimoja, Dolgoch, cha mwaka 1866. Watu walitoka makazini Ijumaa, wakasafiri, wakafyeka nyasi na kubadilisha mataruma Jumamosi na Jumapili. Hakuna wizara iliyowatuma.

Wala msidhani Uingereza haing'oi. Reli ya Lynton na Barnstaple, kusini magharibi mwa England, ilifungwa 1935 ikapigwa mnada. Ile ya Welsh Highland ilisimama 1937, wakati wa vita wakaing'oa, na iliwachukua watu hadi 2011 kuirudisha yote. Wenzetu nao wameuza, wakajuta.

Kuna hoja ya pili, na hii naiheshimu. Shangazi yangu aliniambia, "Mwanangu, zile reli ni za manamba. Babu yako aliletwa kwa mkataba kutoka mbali, akafanyishwa kazi kama punda. Unataka kuhifadhi nini?" Nilinyamaza, kwa sababu ni kweli tupu. Baadaye nikaenda Bethesda, kaskazini mwa Wales, kwenye machimbo ya Penrhyn. Utajiri wa familia iliyoyamiliki ulitoka pia kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, kwa jasho la watumwa. Wachimbaji wake walikuwa wakifa kwa vumbi la mapafu. Mwaka 1900 waligoma, wakakaa nje miaka mitatu, na madirishani wakabandika karatasi zenye maneno ya Kiwelisi: katika nyumba hii hamna msaliti. Leo mtoto wa shule wa Bethesda anaambiwa habari ya mgomo na habari ya Jamaica. Mashimo yenyewe yapo, kwa hiyo mwalimu ana mahali pa kusimama na kuonyesha kidole. Mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo ya sleti kwenye urithi wa dunia, reli ya Talyllyn ikiwemo. Sisi manamba wetu tutawaonyesha wapi, Shangazi?

Na nguvu ya kujitolea tunayo. Kwetu milimani wanaita msaragambo: mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Nimeona shule ikijengwa hivyo. Nyumbani kuna jambo moja tunawazidi hawa kwa mbali. Katika nyumba ninayofanya kazi kuna mzee aliyetumikia reli maisha yake yote, ukutani kwake picha zote ni za treni, na mwanawe huja Krismasi. Baba yangu yupo barazani, wajukuu wanamzunguka kutwa nzima. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza habari za toroli, hata mimi mwenyewe sikuwahi. Hilo linaniuma.

Jumapili iliyopita nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Nikamwambia sitaki habari za baridi, nataka anieleze walivyokuwa wakishusha matoroli kwenye mteremko wa korona. Akakaa kimya kidogo, halafu akaanza. Mtu mmoja nyuma, ameshika gogo la mti mgumu wa kubania gurudumu. Ukibana mapema toroli linasimama katikati, ukichelewa linakutupa. Alitaja majina ya waliotupwa, mmoja mmoja, na kila mmoja kitalu gani. Tuliongea dakika arobaini. Nimerekodi yote, na Desemba nikifika nitakaa naye tuchore ramani ya njia kabla mvua hazijafuta matuta yake.

Nami nikamsimulia Ffestiniog, reli ya mwaka 1836, jinsi mabehewa ya sleti yalivyoteremka yenyewe hadi bandari ya Porthmadog bila injini, watu wa breki wamepanda juu, na farasi nao wamepandishwa kwenye behewa lao, wakila nyasi njia nzima, ili wapate nguvu za kuvuta yale matupu kurudi juu.

"Farasi walipanda treni?" akauliza. "Sisi tulirudi kwa miguu."