Kalamu ya daktari ina jina la nani?

Mhariri, mmeandika kwamba Marekani mgonjwa hutafuta jina la daktari wake mtandaoni akaona kampuni za dawa zimemlipa nini: chakula, safari, ada za mihadhara. Sheria yao ni ya 2010, na taarifa zilianza kutoka 2014. Sisi Uganda tunabaki kuangalia meza ya daktari na kukisia. Nilimpeleka mama kliniki moja Kampala, ana mtoto wa jicho. Kalenda ukutani, kalamu ya daktari, kichupa cha matone alichoandikiwa: vyote jina moja la kampuni. Nilinyamaza, na bado inaniuma.

Kulipwa si wizi, anayefundisha wenzake astahili ujira. Lakini mgonjwa aambiwe! Chukua mfano wa dawa mbili za sindano za jicho, bevacizumab na ranibizumab: utafiti mkubwa wa Marekani wa 2011 ulikuta zinawasaidia sawa wazee wenye ugonjwa mwingine, wa retina (utando wa nyuma ya jicho), ilhali bei zake ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo ulizeni, ndugu zangu: ipo dawa ya bei nafuu? Na kama ni upasuaji, huu umeufanya mara ngapi? Sisi tulikwenda kwa daktari wa pili; alimchorea mama jicho kwenye karatasi, akamjibu yote bila haraka. Huyo ndiye tuliyemkabidhi jicho la mama.