Kizuia matangazo kimezimwa? Hamia Firefox

Mtu wa Newala anayefungua ukurasa kuangalia bei ya mnada wa korosho analipia kila MB inayoshuka kwenye simu yake, ikiwemo video ya kubeti inayojicheza yenyewe pembeni. Kwa hiyo kwangu mimi, vivinjari (programu za kufungulia tovuti) kubana vizuia matangazo ni suala la bando kwanza.

Kwenye kompyuta, Chrome ya Google imeshaifungia nje uBlock Origin, kizuia matangazo kinachoongezwa kwenye kivinjari kama kiendelezi. Ilianza kuizima kidogo kidogo mwaka 2024, na toleo la 139 la mwaka 2025 likaziba hata upenyo uliokuwa umeachiwa makampuni. Zamani kiendelezi kilikagua kila ombi la kivinjari la kuleta kitu mtandaoni kabla halijatoka, kikaamua lipite au lizuiwe. Chini ya utaratibu mpya, Manifest V3, kinakabidhi orodha ya kanuni mapema, na kivinjari ndicho kinachoamua. Kila kiendelezi kimehakikishiwa kanuni 30,000. Zikizidi, kinagombania fungu la pamoja na vingine. Google inasema ni kwa ajili ya usalama. Sikubaliani nayo, kwa sababu kiendelezi bado kinaweza kuruhusiwa kuyatazama maombi hayo. Kilichonyang'anywa ni uwezo wa kuyazuia papo hapo. Na Google hiyohiyo inaishi kwa kuuza matangazo.

uBlock Origin Lite, toleo jepesi linalofuata utaratibu mpya, ipo na kwa kurasa za habari inatosha. Tatizo ni kwamba orodha zake husasishwa pale tu kiendelezi chenyewe kinaposasishwa, hivyo YouTube ikibadili mbinu, unabaki kusubiri. Firefox imebakiza utaratibu wa zamani, na uBlock Origin kamili inafanya kazi humo.

Ila huku kusini, Mtwara mjini hadi Nachingwea, intaneti kwa wengi ni simu, na Chrome ya kawaida ya Android haipokei viendelezi kabisa. Pakua Firefox, gusa nukta tatu, ingia kwenye viendelezi, chagua uBlock Origin, kubali ruhusa. Ukurasa ukigoma kufunguka vizuri, fungua uBlock na uguse kitufe chake kikubwa cha kuzimia. Kinazima kwa tovuti hiyo peke yake. Fanya hivyohivyo kwa blogu ndogo unazozipenda, maana wenye nazo wanakula kwa matangazo hayo.

Matangazo ndani ya programu nyingine yanahitaji njia tofauti. Kuanzia Android 9, ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (DNS ndiyo hutafuta anwani ya kila tovuti), andika dns.adguard-dns.com, ya AdGuard inayokataa anwani za matangazo, bila https mbele. Ukikosea herufi moja, intaneti yote inakata, si matangazo tu. Matangazo ya YouTube hayatoki kwa njia hii, kwani yanakuja kupitia anwani zilezile za video. Na ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza kwa ukurasa wake, irudishe DNS kwenye hali ya kiotomatiki, uingie, kisha uiwashe tena.