Ufunguo unaozaliwa mtu akitembea

Jioni ukipanda teksi kutoka Nyawera kwenda Kadutu, hapa Bukavu, nyuma mnabanana bega kwa bega. Tuseme saa yako ya mkononi inaongea kwa redio na kipimo cha moyo kilichobandikwa kifuani. Aliye ubavuni ana simu mfukoni. Atasikia nini?

Vifaa hivyo vinahitaji ufunguo wa siri wa kufunga mazungumzo yao, ambao vyenyewe tu vinaujua. Njia ya kwanza ni ya hesabu, iliyotangazwa na wataalamu wa maandishi ya siri Diffie na Hellman mwaka 1976: kila kifaa kinatuma namba hadharani, kinaichanganya ya mwenzake na siri yake, na vyote vinafikia jibu moja ambalo msikilizaji hawezi kulikokotoa. Njia ya pili inatumia mwili. Mkono ukipunga, nguvu ya mawimbi kati ya saa na kifua hupanda na kushuka, na pande zote mbili huona mabadiliko karibu yale yale. Hayo yanageuzwa kuwa sifuri na moja, tofauti ndogo zinasawazishwa, ufunguo umepatikana.

Wazo hili nalipenda. Halihitaji hesabu nzito kwenye kifaa chenye betri ndogo. Watetezi wake wanaongeza kwamba kwenye gigahezi 2.4, masafa ya redio yanayotumiwa na vifaa vingi vya aina hii, wimbi lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na aliye mbali zaidi ya nusu ya hapo hupata vipimo tofauti. Ila hiyo ni nadharia ya mawimbi yanayotoka kila upande. Yakienda moja kwa moja, umbali huo haulindi sana.

Kinachoniumiza ni mgonjwa. Anayepanda vilima vya Kadutu anazalisha ufunguo upesi. Aliyelala kitandani, ambaye habari za moyo wake ndizo za kulindwa kwanza, mawimbi yake yametulia. Biti 128, yaani sifuri na moja 128 za kutosha ufunguo, zinachelewa sana, na anayepitapita makusudi kati ya vifaa anaweza kuyumbisha mawimbi kwa mpangilio anaoujua yeye.

Kwa hiyo ufunguo wenyewe ningeuachia hesabu: inafanyika mara moja tu wakati wa kuunganisha, betri itavumilia. Lakini hesabu peke yake haikuambii unaongea na nani, na kipimo kisicho na skrini hakiwezi kukuonyesha namba za kulinganisha na zile za saa. Hapo mwendo unafaa kuwa shahidi. Muuguzi avishike vifaa vyote viwili katika kiganja kimoja, avitikise pamoja sekunde chache, vilinganishe mtikisiko, ndipo amvalishe mgonjwa.