Kagueni hesabu, achaneni na nafasi za mistari
Jamani, wanaotukagulia programu hapa Kigoma mnachosha. Unamtumia mtu suluhisho la swali la namba tasa, anakurudishia maoni ya majina yaliyotumika ndani ya programu na nafasi kati ya mistari yake, basi. Hesabu yenyewe haigusi! Programu inapima kama 1,000,003 ni tasa kwa kuigawanya kwa kila namba iliyo chini yake, na mkaguzi kanyamaza. Hapo ndipo pa kukemea: ukifika kwenye kipeuo chake cha pili, yaani 1,000 hivi, umemaliza, maana kila kigawo kikubwa kuliko hapo kina mwenzake mdogo ambaye ungekuwa umeshamjaribu. Maelezo hayo mafupi yangemfaa kijana wa Ujiji kuliko “safi sana, kaka”. Majina tutabadilisha baadaye. Semeni kwanza kwa nini programu inajikokota.